Kuna Mboga Gani?

Ndugu msomaji, iwapo umepata kusafiri kwa basi la kukodi pamoja na kundi la watu waliotoka kwenda kuitazama nchi yao, utakubaliana nami kwamba jambo linalozungumzwa zaidi humo njiani si milima wala mito, bali ni chakula. Kabla basi halijatoka mjini watu wamekwisha anza kuulizana watakunywa chai wapi. Wakishakunywa chai huulizana mchana watakula nini. Na wakishashiba mchana huanza kukumbushana jinsi walivyokula vizuri zaidi katika safari ya mwaka juzi. Mimi nami ni mmoja wao, wala sioni haya kusema hivyo. Lakini katika safari ninayokusudia kukusimulia leo sikuwa na wasiwasi na tumbo langu. Wasiwasi wangu ulikuwa juu ya mwanangu, binti wa miaka thelathini na mmoja, ambaye hali nyama, hali samaki, hali mayai, hanywi maziwa, wala halambi asali.

Safari yenyewe ilikuwa ya mwezi wa Agosti, mwaka 2023. Kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa, hapa Dar es Salaam, kilikuwa kimefunga hesabu zake za mwaka, na baada ya mabishano marefu tukapiga kura kwamba sehemu ya faida itumike kukodi basi litupeleke Iringa kwa siku tatu. Wengi wetu tumeishi mjini miaka arobaini bila kuona chochote cha nchi hii zaidi ya njia ya kwenda msibani na kurudi. Tulitaka kupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kupanda mlima Kitonga, kuziona nguzo za Isimila, na kufika Kalenga alikokuwa akitawala Mtwa Mkwawa. Tulikuwa akina mama 34. Mwanangu alikuwa mtu wa thelathini na tano, kwa sababu mweka hazina wetu alikuwa ametoka kupasuliwa jicho, na mwanangu ndiye mwenye taaluma ya hesabu, basi akaombwa kulishika daftari la safari. Hivyo ikawa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ndiye aliyelipia sahani 35 za wali kwa kuku katika hoteli ya njiani, huku akijua vema kwamba moja kati ya sahani hizo hataigusa. Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwamba si haki safari ya watu thelathini na wanne igeuzwe kwa ajili ya mtu mmoja. "Nitatafuta, mama," akasema.

Huenda ukauliza, kama walivyouliza wengi ndani ya basi, binti huyu ameyatoa wapi mambo haya. Wapo Waadventista Wasabato wasiogusa nyama, na Wakristo wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia hukaa siku nyingi za mwaka katika mfungo bila nyama, maziwa wala mayai. Lakini mwanangu si wa huko. Uingereza watu wa namna yake walijiundia chama mwaka 1944, wakajitungia na jina, vegan. Lakini yeye hakuyatoa Uingereza pia. Aliyatoa kazini. Mwaka 2019 aliajiriwa kutunza hesabu katika shamba moja la kutotolesha vifaranga. Kazi hiyo, ndugu msomaji, ina hesabu ambayo sisi walaji wa mayai hatuijui. Kuku wa mayai na kuku wa nyama wa kisasa ni mbegu mbili mbalimbali. Jogoo wa mbegu ya mayai hatagi, wala hanenepi upesi kiasi cha kumlipa mfugaji gharama ya chakula. Kwa hiyo vifaranga madume huchambuliwa siku ile ile wanapoanguliwa, na huuawa. Ndivyo ifanyikavyo katika nchi nyingi duniani, wala shamba lile halikuwa baya kuliko mengine. Lakini mwanangu ndiye aliyekuwa akiandika idadi yao katika daftari kila juma. Alikaa miezi minane, akaacha kazi. Akaacha na kuku, na mayai. Baadaye akaanza kuuliza habari za ndama dume wa ng'ombe wa maziwa, nami nilipoona anauliza hivyo nilijua maziwa nayo yamekwisha.

Mimi niliyapokea mambo haya vibaya. Nilizaliwa mwaka 1962 katika kijiji cha mkoani Morogoro, na nyumbani kwetu nyama ililiwa Krismasi na Pasaka, na siku ambayo ng'ombe wa jirani alivunjika mguu. Siku nyingine zote zilikuwa za mihogo, magimbi, ndizi, kunde na kisamvu. Nilipokuja mjini na kuanza kushika fedha yangu mwenyewe, jambo la kwanza lililonionyesha kwamba nimeupa umaskini kisogo lilikuwa ni sufuria ya nyama jikoni kwangu kila Jumapili. Basi mtoto niliyemlea kwa sufuria ile aliponiambia kwamba haitaki tena, niliona kana kwamba ananishika mkono na kunirudisha kule nilikotoka mbio. Nyumbani tukampa jina, "asiyekula". Tena nilifanya jambo jingine, ambalo nitakueleza mbele kidogo.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, na saa tatu tulikuwa Morogoro mjini kwa ajili ya chai. Hapa niruhusu nikutajie shida iliyomo katika lugha yetu wenyewe. Neno "mboga" kwetu halina maana ya majani peke yake. Mboga ni kile kinachouteremsha ugali au wali kooni: nyama ni mboga, dagaa ni mboga, mlenda ni mboga. Mtoto akitoka shule huuliza, "Leo kuna mboga gani?" na mama yake humjibu, "Kuku." Hakuna kati yao aliyekosea. Basi mwanangu aliposimama mbele ya yule kijana mhudumu na kumwambia kwa upole, "Mimi ninakula mboga tu," kijana alimjibu kwa upole ule ule, "Mboga zipo tatu, dada: ng'ombe, mbuzi na kuku."

Basi zima lilicheka, nami nikacheka pamoja nao. Akaeleza tena kwamba anataka mboga za majani. Ukaletwa mchicha mzuri wa kijani, na ndani yake dagaa wametulia kama waliozaliwa humo. Chapati zilikuwa zimekandwa kwa maziwa. Maandazi yalikuwa na mayai. Hatimaye alipata chai ya rangi na vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha, na hivyo alivipata kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza nje, karibu na tairi la basi letu, kwa bei ambayo katika daftari lake la safari haikuonekana hata kidogo. Mwenyekiti wetu, ambaye ni mtu wa utani, akamwambia, "Mwanangu, na faida yote hii ya kikundi, wewe unakula muhogo?"

Katika Mikumi barabara kuu hupita ndani ya hifadhi yenyewe kwa mwendo wa kilomita 50 hivi, hata msafiri asiyelipa kiingilio huweza kuona twiga na pundamilia kutoka dirishani. Tuliwaona tembo watano na nyati wengi. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alipowaona nyati alisema kwa sauti ya masikitiko, "Nyama yote ile!" Hapo pia tulicheka, na safari hii hata mwanangu alicheka.

Katika kundi letu alikuwamo muuguzi mstaafu, mtu makini asiyependa upuuzi, naye akahamia kiti cha karibu yetu kwa makusudi. Nilitumaini kwamba atamkemea binti yangu. La hasha! Alimwuliza tu swali moja: vitamini B12 anaipata wapi? Maana, alisema, protini ipo katika maharage, kunde, karanga na dengu, na madini ya chuma yapo humo na katika majani. Lakini B12 haipatikani katika mimea ya kawaida, na mtu akiikosa kwa muda mrefu huishiwa damu na mishipa yake ya fahamu huharibika. Mwanangu akafungua mkoba wake akamwonyesha vidonge. Muuguzi akasoma maandishi ya kichupa, akakirudisha, akasema, "Basi huna tatizo," akarudi kwenye kiti chake. Mimi sikuwa nimepata kukiona kichupa kile. Miaka minne nilikuwa nikimlilia mtoto afya yake, wala sikuwa nimepata kumwuliza swali hilo moja.

Baada ya Mikumi njia hupita katika bonde la mibuyu, halafu hufika Ruaha Mbuyuni, ambako vitunguu na nyanya hupangwa kando ya barabara kwa wingi kiasi kwamba abiria husahau kuwa wamebeba mizigo. Hoteli tuliyokuwa tumeagiza chakula cha mchana ilikuwa katika sehemu za huko. Jina lake silitaji. Wali ulikuwa tayari, kuku tayari, na dereva alikuwa amekwisha tangaza dakika ishirini. Ukisafiri kwa kundi, ndugu msomaji, dakika ndizo adui mkubwa wa mtu asiyekula kile wanacholiwa wote. Wenzake huketi na kula. Yeye huanza kuuliza, na anapomaliza kuuliza honi imelia.

Mwanangu aliona maharage katika sufuria kubwa. Akamwuliza mpishi, mama wa makamo kama mimi, kama maharage yale yana nyama. Mpishi akamjibu pasipo kusita, "Hayana nyama, mama. Kula tu." Akapakuliwa. Alikula vijiko vitatu au vinne, kisha nikamwona anasimamisha kijiko, anatoa kitu mdomoni na kukiweka pembeni ya sahani. Kilikuwa kipande cha gegedu, si kikubwa kuliko ukucha wangu. Akarudi kwa mpishi na sahani mkononi. Yule mama alitazama, akacheka kidogo kwa haya, akasema, "Ni supu tu, mwanangu. Nimeungia supu ya makongoro iongeze ladha. Nyama yenyewe sikuweka. Tena wewe umekonda, supu itakutia nguvu."

Wenzetu walicheka, maana jibu lilikuwa la kuchekesha. Mimi sikucheka. Nilihisi uso wangu umepata moto, kwa kuwa maneno yale yalikuwa yangu. Neno kwa neno yalikuwa yangu, isipokuwa mimi sikuwa nimepata kuyatamka mbele ya mtu.

Sasa nikueleze lile jambo. Mwanangu anaishi peke yake, katika chumba cha kupanga, na kila Jumapili huja kula nyumbani. Alipoanza kukonda, mwaka 2021, niliona kuwa akili yake imeshindwa kumtunza na kwamba ni wajibu wangu kumtunza bila idhini yake. Nikawa nikitia kijiko cha samli katika maharage yake. Wali wake nikawa nikiupika kwa supu ya mifupa, nikiisha kuichuja kwa kitambaa ili asione macho ya mafuta. Nilikuwa na sufuria yake maalumu, na yeye alidhani sufuria ile ni ya heshima. Kwa miaka miwili nilimtazama akila na kusema moyoni: Mungu ananiona, na bila shaka ananielewa.

Mwanangu hakumgombeza mpishi. Aliiweka sahani chini, akatoka nje, akasimama karibu na basi akitazama mto. Dereva akapiga honi.

Unapopanda Kitonga nyuma ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo, basi huenda polepole kama mtu anayepanda ngazi na mtungi kichwani, huku upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili ni korongo. Akina mama walinyamaza, wengine wakaanza kusali. Nilikuwa nimeketi na mwanangu. Nikamwambia, "Mwanangu, yule mama si wa kwanza."

Hakunielewa. Aliendelea kutazama nje.

"Ni supu," nikasema. "Na samli. Nyumbani. Jumapili."

Aligeuka polepole. "Tangu lini, mama?"

"Tangu ulipoanza kukonda."

Lori moja lilikuwa limekwama kwenye kona, na basi letu likasimama. Alikaa kimya mpaka tukaanza tena kwenda. Kisha akasema, "Kuna siku niliusifu wali wako."

"Nakumbuka."

"Niliwaambia watu kazini kwamba mama yangu amekubali. Ungeniambia hutaki, mama, ningeelewa. Ningekuja na chakula changu."

Hakusema neno jingine mpaka Iringa. Usiku ule katika nyumba ya wageni wenzetu waliagizia chipsi, na chipsi zilikuwa zikikaangwa katika mafuta yale yale ya kukaangia kuku. Yeye alikwenda mpaka stendi akarudi na parachichi, ndizi mbivu, karanga za kukaanga na hindi la kuchoma. Alikula ameketi kitandani, akilipaka parachichi chumvi kwa ncha ya kisu. Tulikuwa chumba kimoja. Alinikaribisha, kama adabu inavyotaka, nami nikajibu kwamba nimeshiba, ingawa sikuwa nimeshiba.

Asubuhi ya siku ya pili tulikwenda Isimila, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini. Zana za mawe za watu wa kale zilitambuliwa pale mwaka 1951, na bado zimelala chini katika makundi, kana kwamba wenyewe wameziacha kwenda kunywa maji. Karibu yake kuna korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua, nazo ni nzuri ajabu. Mtembezaji wetu alieleza kwamba mawe yale yalitumika kuchinjia na kuchunia wanyama. Mwenyekiti akamtazama mwanangu kwa utani, naye mwanangu akauliza kama hayakutumika pia kuchimbia mizizi. Mtembezaji alikiri kwamba huenda yalitumika pia. Kutoka hapo tukaenda Kalenga, tukaliona fuvu la Mtwa Mkwawa, ambalo Wajerumani walilichukua baada ya yeye kujiua mwaka 1898 kuliko kutekwa, likatajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na likarudishwa mwaka 1954. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu, lakini nitakuwa mwongo nikisema nilikuwa nikifikiri habari za Wajerumani.

Chakula cha mchana siku hiyo hatukukila hotelini. Mwenzetu mmoja ni mwenyeji wa huko, na shangazi yake alikuwa ametualika nyumbani kwake, kijiji kisicho mbali na Kalenga. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko hoteli zote, maana mhudumu wa hoteli ukimkatalia chakula hapungukiwi kitu, lakini mwenyeji aliyekuchinjia kuku wake unamwambiaje? Yule bibi alikuwa amechinja kuku sita.

Mwanangu hakungoja sahani ziletwe. Tuliposhuka tu na kuamkiana "Kamwene", aliuliza jiko liko wapi, akaingia, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, bibi," akachukua kinu kilichokuwa karibu na kuanza kutwanga karanga zilizokuwa hazijatwangwa. Nilimfuata. Nilisimama mlangoni kwa sababu sikujua kama ninatakiwa. Baada ya muda akauliza, "Bibi, ninyi wenyewe leo mmekula nini?"

Bibi akaona haya. "Sisi tumekula makande, mjukuu wangu. Si chakula cha wageni."

"Yamebaki?"

"Yamebaki, lakini ni ya watu wa shamba."

Mwanangu akanyamaza. Nilimwona anafungua mdomo kuuliza swali lake la kawaida, kisha anaufunga. Nadhani alichoka kuuliza, au aliogopa kumwaibisha mzee. Basi nikauliza mimi. Nikasema, "Mama, samahani, makande hayo umeyaunga kwa kitu gani? Kuna supu? Kuna samli au maziwa?"

"Samli niitoe wapi?" Bibi akacheka. "Ni mahindi na maharage, kitunguu, chumvi, na mafuta ya alizeti kidogo."

"Naomba nitazame," nikasema. Nikafunua chungu. Nikachota kwa upawa mpaka chini, nikanusa, nikaonja. Kisha nikamwambia mwanangu, "Hamna kitu." Kulikuwa na mnafu pia, ambao ulikuwa ukingoja karanga zile zile alizokuwa akizitwanga. Alikula humo jikoni juu ya kigoda, kwa kuwa bibi alikataa katakata makande yake yatolewe nje, watu wa Dar es Salaam wasije wakasema amempa mgeni kiporo. Nami nikapewa bakuli. Sikuwa nimekula makande ya namna ile tangu nilipokuwa msichana, na sitakudanganya kwamba yalinipendeza mara moja. Yalikuwa magumu kidogo, na nilikula nikiwaza harufu ya kuku iliyokuwa ikitoka nje. Lakini nililimaliza bakuli.

Katika kula vile nilikumbuka jambo. Mwaka 1975 kulikuwa na ile kampeni ya Chakula ni Uhai, ambayo watu wazima walikusanyika kwa makundi kusikiliza masomo ya redio na kuyajadili. Mama yangu alikuwa katika kundi moja, nami mtoto wa miaka kumi na mitatu nilimsindikiza kwa sababu nilijua kusoma. Vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda mwili: ndivyo tulivyofundishwa hata shuleni. Na katika fungu la kujenga mwili, maharage, kunde na karanga zilikuwa zimekaa safu moja na nyama na mayai, wala hazikuwekwa nje kusubiri. Hayo niliyajua kwa moyo. Niliyaacha mwenyewe njiani, siku niliponunua kilo yangu ya kwanza ya nyama.

Basi lilipoondoka nilimwambia mwanangu kwamba, pamoja na yote, kuku wa yule bibi walikuwa wamekwisha chinjwa, na kwamba kutokula kwake hakukumrudishia hata mmoja. Akasema ni kweli. Akasema pia kwamba katika daftari lile la vifaranga hakuna hata mmoja aliyerudi kwa sababu yeye aliacha kazi. Sikupata jibu la hilo, na mpaka leo sijalipata.

Ndugu msomaji, pengine katika nyumba yako pia yumo mtu wa namna hii, au atakuja. Vijana wa leo wanasoma mengi na kuona mengi. Kwa ajili yake nikuambie nililolishika katika safari ile. Chakula chake kipo kila mahali tulikopita, tena cha bei ndogo: mihogo na viazi vitamu vya kuchemsha, bagia za dengu, mahindi ya kuchoma, ndizi, karanga, korosho, kashata, ugali kwa mchicha wa nazi, kisamvu, mbaazi, makande. Lakini aghalabu hakimo katika orodha ya hoteli, kwa kuwa sisi wapishi tunakionea haya na tunadhani mgeni anastahili kilicho bora zaidi. Hukaa jikoni kwa watumishi au nje karibu na matairi. Asiseme kwamba anakula mboga. Asiulize kama kuna nyama, maana atajibiwa kwamba hakuna, na mpishi hatakuwa amesema uongo kwa jinsi anavyoona yeye. Aulize kimeungwa kwa kitu gani, kimekaangwa katika mafuta gani, unga wa chapati umekandwa kwa maji au kwa maziwa. Ugali ni rafiki yake, kwa sababu ni unga na maji tu. Uji auulize mara mbili, hasa kama kuna siagi. Na wenye kupanga safari za makundi wanaweza kupiga simu siku moja kabla, kama tulivyoagiza kuku. Ni simu ile ile na mdomo ule ule. Mwenyekiti wetu alikubali hivyo kabla hatujafika Ilula, na sahani moja kati ya 35 za kurudi ikabadilishwa. Haikugharimu kitu, kwa hakika fedha kidogo zilibaki, na mwanangu akaziandika.

Siku ya tatu tulisimama tena katika hoteli ile ile ya mchana. Mpishi alikuwa yule yule, naye akatukumbuka. Nilishuka wa kwanza, nikaenda jikoni moja kwa moja. Alikuwa ameyatenga maharage katika sufuria ndogo, yameungwa kwa nyanya na vitunguu. Nikafunua, nikachota mpaka chini, nikaonja, nikamwuliza maswali yangu yote, na yeye akajibu yote bila kukasirika. Akaniuliza, "Ni mwanao yule?" Nikasema ndiye. Akasema, "Wangu mmoja hali samaki. Nilikuwa nampiga." Nikachukua sahani ya ugali na maharage, nikamkuta mwanangu ameketi mezani na daftari lake, nikamwekea mbele.

"Umeangalia?" akaniuliza.

"Nimeangalia mwenyewe."

Aliitazama sahani kwa muda. Kisha akafunga daftari, akainuka, akaenda jikoni kufunua sufuria. Sikumzuia. Nilimngoja pale mezani, nikakifunika chakula kwa sahani nyingine ili nzi wasitue, na dereva alipotangaza kwamba zimebaki dakika kumi nilimwambia angoje.